Mtumba wa Chuma: Kuchagua na Kutunza Cherehani ya Ngozi Morogoro

Fundi wa Morogoro anayetaka kuuweka kando msharasi na kuanza kushona ngozi kwa mashine hupewa ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomwambia atafute chuma cha zamani, Singer, Pfaff au Adler, kwa kuwa vya siku hizi ni rangi tupu. Wengine humwambia aachane na makuu, ashuke Kariakoo akanunue ya Kichina mpya, apewe na risiti. Kila upande una mifano yake ya waliofanikiwa, na kila upande una watu uliowafilisi. Mabishano hayaishi kwa sababu hayana kipimo. Kipimo ninachokitetea hapa ni hiki: cherehani ya ngozi ya mtumba haifi kwa uzee, hufa kwa kukosa sindano, kipuri na mtu anayeielewa. Anayeanza na vitu hivyo vitatu, kisha akaja kwenye jina na bei, hukosea mara chache.

Kiwanda kilichokuwa na kila mashine

Mji huu una ushahidi wake, tena mkubwa kuliko wa karakana yoyote. Katika miaka ya 1970, Tanzania ilipokuwa ikijenga viwanda vya umma, Morogoro ilipata kiwanda cha kusindika ngozi na kiwanda cha viatu. Cha viatu kiligharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Kilitarajiwa kutosheleza soko lote la nchi, kisha robo tatu ya viatu milioni 4 vilivyopangwa vipelekwe Ulaya. Mchumi William Easterly, aliyewahi kufanya kazi katika benki hiyohiyo, anakieleza katika kitabu chake cha mwaka 2001, The Elusive Quest for Growth: kilikuwa na wafanyakazi na mashine za kisasa, lakini hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Kuta zake zilikuwa za alumini na jengo halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika mji wa joto. Mwaka 1990 uzalishaji ulikoma.

Wachumi hukitumia kisa hicho kubishania mikopo na misaada. Fundi ana la kwake la kujifunza pale. Mashine zilikuwapo, mpya, nyingi, na hazikuokoa kitu, kwa sababu mashine hufanya kazi ndani ya mazingira: jengo, umeme, malighafi, vipuri, ujuzi na mnunuzi. Wakati huohuo, kwenye vibaraza vya Afrika Mashariki kuna mafundi wanaoshonea Singer 29K zilizotoka kiwanda cha Clydebank, Uskochi, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Mashine hizo zimeishi muda mrefu kuliko kiwanda kilichozizaa. Zimeishi kwa sababu zinazungushwa kwa mkono au kwa kanyagio, sindano zake zinatafutika, na fundi mmoja humfundisha mwenzake kuzifungua.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Kazi ya ngozi Morogoro si moja. Yupo anayetengeneza viatu vilivyochanika pembeni ya Soko Kuu la Chifu Kingalu au karibu na stendi ya Msamvu. Yupo anayeshona siti za bodaboda na makochi. Yupo wa mikoba na mikanda, na wachache wanaotengeneza kiatu kizima, hasa cha shule na sandali. Kila kazi ina umbo lake la mashine, na kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kununua umbo lisilo la kazi yako.

Ya mkono mrefu, kama Singer 29K au Adler 30, ni ya mtengenezaji wa viatu. Mkono wake mwembamba huingia ndani ya kiatu hadi karibu na vidole, na mguu wake huzunguka pande zote, hivyo unaweza kushona kuelekea kokote bila kugeuza kiatu. Haina meno chini. Mguu wenyewe ndio unaoisukuma ngozi kutoka juu. Kwa kiraka, zipu ya buti au mkanda wa sandali uliochomoka, haina mpinzani. Ila bobini yake ni ndogo, na mvuto wake hauna nguvu ya kushona mkanda mnene siku nzima. Anayeinunua ili azalishe mikoba kwa wingi atailaumu bure.

Ya meza bapa yenye mguu unaotembea ni ya siti, makochi, turubai na mikoba inayoshonwa ikiwa imelala. Humu mna Singer 111W, Pfaff 145 na 545, Adler 67 na 167, pamoja na Juki LU-563 na DNU-1541. Katika nyingi kati yake, sindano, mguu na meno huivuta kazi kwa pamoja, hivyo tabaka la juu halibaki nyuma ya lile la chini. Ya mkono wa silinda, kama Adler 69, hushona mkoba ambao umeshaunganishwa ukawa boksi. Ya nguzo, ambayo mara nyingi huwa na kigurudumu badala ya mguu, ni ya sehemu ya juu ya kiatu kipya. Anayefanya ukarabati tu haihitaji.

Kuna na ya tano ambayo si ya ngozi kabisa: cherehani nyeusi ya nyumbani, Butterfly au Singer ya kanyagio, inayopakwa rangi na kuuzwa kama "ya kiwandani". Itashona ngozi laini ya tabaka mbili. Ukiilazimisha zaidi, inaanza kuruka, inapinda sindano, na mwisho inalegea kwenye mhimili. Dalili yake ni sindano: ya nyumbani ina kisigino kilichokatwa bapa upande mmoja, wakati nyingi za kiwandani ni za mviringo kotekote.

Kuisoma mashine

Jina kubwa lililoandikwa mkononi halitoshi. Singer alitengeneza mamia ya aina. Kinachohitajika ni namba ya aina, ambayo huwa kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa mwilini. Katika Singer za zamani, herufi iliyo ndani ya namba hutaja kiwanda: K ni Clydebank, W ni Bridgeport huko Marekani, G ni Karlsruhe, Ujerumani. Kwa hiyo 29K na 111W si majina ya mapambo. Yanakwambia mashine ni ya familia gani na vipuri gani vitaingia. Kibati kikiwa kimeng'olewa na mwili umepakwa rangi upya, hiyo peke yake si sababu ya kukataa, lakini ni sababu ya kushusha bei, maana kazi ya kuitambua umeachiwa wewe.

Baada ya namba, tafuta mfumo wa sindano. Wengi hujikwaa hapa. Sindano mbili zinaweza kufanana machoni huku moja ikizidi nyingine kwa milimita chache kutoka kisigino hadi tundu, na tofauti hiyo inatosha kuifanya ndoano iukose uzi. Singer 111W na Juki za mguu unaotembea hutumia mfumo wa 135x17 kwa kitambaa na ngozi bandia, na 135x16 kwa ngozi halisi. Pfaff 545 na Adler 67 hutumia 134-35. Singer 29K nyingi hutumia 29x3 na 29x4. Kabla ya kulipa, piga simu kwa muuza sindano unayemfahamu, mtajie namba hiyo, na umuulize anazo za ukubwa gani. Akisema hazijui, umeshajua bei halisi ya mashine ile.

Vipuri navyo vipimwe vivyo hivyo. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, fundi anaweza kwenda Kariakoo asubuhi na kurudi mchana na kipuri mfukoni. Safari imefupika, lakini hilo halimsaidii mwenye mashine ya aina adimu. Nakala za Kichina za mashine za Juki, Singer na Adler zimefanya jambo moja jema: kwa aina zilizonakiliwa sana, bobini, kesi ya bobini, ndoano, meno na miguu vinatengenezwa hadi leo. Mashine nzuri kuliko zote ambayo hakuna aliyeinakili inaweza kusimama mwaka mzima ikisubiri kikolokolo kimoja.

Majaribio mbele ya muuzaji

Muuzaji akikukaribisha ujaribu, mara nyingi huwa na kipande chake tayari: ngozi laini, tabaka mbili, uzi mwembamba. Hapo mashine yoyote itashona. Nenda na vipande vyako, uzi wako na sindano mpya ya mfumo unaohusika.

Anza umeme ukiwa umezimwa. Zungusha gurudumu kwa mkono, bila uzi, mizunguko kadhaa taratibu. Uzito ulio sawa mzunguko mzima ni mafuta yaliyoganda, na huo una dawa. Uzito unaokuja mahali palepale kila mzunguko ni mhimili uliopinda au gia iliyoumia. Shika fimbo ya sindano uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, sindano haitashuka mahali pamoja mara mbili. Tazama tundu la kibati cha chini: likiwa limepanuka na kuchimbika kingo, sindano imekuwa ikiligonga kwa muda mrefu. Kagua mwili kama una alama za kuchomelea, kwani chuma cha kumimina kilichovunjika na kuungwa ni cha kuogopwa.

Kisha fungua sehemu ya bobini upapase ncha ya ndoano kwa ukucha. Inafaa kuelewa kinachotokea pale, kwa sababu malalamiko mengi ya "inaruka" huzaliwa hapo. Sindano hushuka hadi mwisho, halafu hupanda kama milimita 2. Katika kupanda huko uzi, ukiwa umezuiwa na ngozi, hufanya kitanzi kidogo nyuma ya sindano, na wakati huohuo ncha ya ndoano hupita ikakinasa. Nafasi kati ya ncha na sindano inatakiwa iwe nyembamba kama karatasi. Ncha ikiwa butu, au nafasi ikiwa kubwa, kitanzi hukoswa na mshono huruka. Ndiyo maana mashine iliyowekwa kwa sindano nene inaweza kuruka ukiivalisha nyembamba: nafasi imeongezeka bila mtu kugusa kitu. Anayeuza akikwambia inaruka kwa sababu ya uzi, badilisha uzi palepale. Ikiendelea kuruka, mnajadili bei mpya.

Jaribio la mwisho ni la kupanda ngazi. Gundisha vipande ili mshono uanze kwenye tabaka mbili, upande hadi nne, kisha ushuke. Weka hatua ya mshono iwe milimita 3. Shona, halafu pima kwa rula hatua kumi za mahali tambarare na kumi za mahali pa kupanda. Tambarare utapata milimita 30. Mahali pa kupanda zikirudi 22, mvuto umechoka. Katika 29K huu ndio ugonjwa wa uzee: viungo vya ndani vinavyosukuma mguu hulika, hatua ikafupika hata ukiweka alama ya mwisho. Na hatua fupi katika ngozi ni hasara, kwa sababu matundu yaliyosongamana huikata ngozi kama ukingo wa stempu. Geuza kipande utazame chini pia: vifundo vizame katikati ya ngozi, visilale juu wala chini.

Mota na umeme wetu

Umeme wa nyumba na vibanda vingi Tanzania ni wa volti 230, hezi 50, fezi moja. Mashine ya kiwandani kutoka Ulaya huenda ikawa na mota ya fezi tatu. Ya Marekani ni ya volti 110 au zaidi kidogo kwa hezi 60. Ya Japani ni 100. Haya yote yameandikwa kwenye kibati cha mota, na muuzaji mwaminifu atakuonyesha. Mota isiyolingana haikufanyi uikatae mashine, kwani mota hubadilishwa, ila gharama yake iingie kwenye bei.

Mota za zamani za klachi huzunguka muda wote zikiwa zimewashwa, hata fundi anapokunja ngozi au kuongea na mteja, na yuniti za umeme kwenye mita ya LUKU zinakwenda. Tena zina haraka. Mota ya mizunguko 1,425 kwa dakika yenye puli ya milimita 60, ikivuta gurudumu la milimita 120, inatoa mishono kama 712 kwa dakika. Ile ya 2,850 kwa puli hizohizo inatoa 1,425, mwendo ambao anayejifunza hataweza kuudhibiti kwenye kona ya mkoba. Kupunguza puli ya mota ni tiba ya bei nafuu. Mota ya servo ni bora zaidi: huzunguka unapokanyaga tu na unaichagulia mwendo. Kwa anayeshona ngozi nzito, servo kwenye mashine ya zamani huleta faida kubwa kuliko kubadilisha mashine yenyewe.

Kwa vijiji vya milima ya Uluguru ambako umeme bado ni wa kubahatisha, hoja inageuka. Mashine ya mkono mrefu ya Kichina, inayozungushwa kwa mkono, hudharauliwa na mafundi wa mjini kwa sababu chuma chake huja na kingo zenye makali yanayokata uzi. Malalamiko ni ya kweli. Lakini makali hayo huondolewa kwa msasa laini, na baada ya hapo fundi wa Kinole au Nyandira ana mashine isiyosubiri umeme, ambayo anaweza kuibeba kwenye bodaboda.

Matunzo chini ya mlima wa mvua

Uluguru, ambao kilele chake cha Kimhandu hufika mita 2,630, huzuia pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Upande wa mashariki, Matombo na Kinole, hunyeshewa kwa wingi. Mgeta kuna baridi na ukungu. Mjini masika huacha unyevu ndani ya vibanda kwa wiki nyingi. Kwa hiyo adui wa mashine hapa ni kutu kuliko vumbi, na ratiba ya matunzo ifuate mvua.

Mafuta ndiyo nusu ya kazi. Yanayofaa ni mafuta mepesi meupe ya cherehani. Ya injini ni mazito na hayafiki kwenye vitundu vidogo. Ya kupikia huganda yakawa gundi ndani ya miezi. Mashine iliyoganda huoshwa kwa mafuta ya taa, ikazungushwa hadi ilegee, kisha ikafutwa na kutiwa mafuta yake haraka, kwa sababu mafuta ya taa huacha chuma kikavu na kutu ikakiwahi. Sehemu ya ndoano ipate tone kila siku ya kazi, vitundu vingine kila wiki, na gia zipate grisi. Jioni, funika kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani. Mashine isiyotumika izungushwe kwa mkono kila siku chache, na mguu ushushwe juu ya kitambaa chenye mafuta.

Kutu haiharibu chuma tu. Ngozi iliyosindikwa kwa magome, kama dondoo la miwati linalojulikana Njombe, ina tanini, na tanini ikigusana na chuma chenye unyevu hutoa doa jeusi lisilofutika. Meno yenye kutu yanaweza kuharibu mkanda mzima kabla fundi hajaugeuza. Ngozi ambayo haikuoshwa chumvi vizuri nayo hula chuma, hivyo mabaki yake yasilale mezani usiku.

Sindano na uzi viende pamoja. Uzi wa nailoni wa tiketi 40 huridhika na sindano ya 110, ambayo pia huandikwa 18. Tiketi 20 huhitaji 140, yaani 22. Tiketi 13 huhitaji 160 hadi 180. Sindano ndogo kwa uzi mnene hukata uzi, na fundi akaanza kulegeza mkazo usiohusika. Ncha nayo ina kazi yake: ya kukata ni ya ngozi halisi, ya mviringo ni ya ngozi bandia, yaani rexini. Wanaoshona siti za bodaboda kwa sindano ya ngozi huona mshono ukipasuka baada ya muda mfupi wakailaumu rexini, kumbe sindano ndiyo iliyoichana. Gundi ya viatu iachwe ikauke kwanza, vinginevyo hupanda na sindano hadi kwenye uzi. Na sindano ikianza kulia "tak" kila inapoingia, ncha imekwisha. Ibadilishwe kabla haijagonga ndoano, ambayo bei yake ni ya sindano nyingi sana.

Nani anunue nini

Mtengenezaji wa viatu wa kibarazani anafaa kuanza na mkono mrefu: 29K ya mtumba ikiwa hatua yake bado ni ndefu, au ya Kichina ikiwa zote alizoona zimelika. Anayeshona siti, makochi na mikoba atafute meza bapa yenye mguu unaotembea, ya aina iliyonakiliwa sana, hata kama jina lake halina sifa barazani. Anayetaka kuzalisha viatu vipya asinunue mashine ya nguzo kabla hajapata pa kujifunzia kuitumia. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) hufundisha teknolojia ya ngozi, na ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, na vyuo vya ufundi vya VETA, kikiwamo cha Kihonda, ni mahali pa kuulizia njia. Na yule ambaye kazi zake za ngozi ni chache kwa wiki abaki na msharasi na uzi wa nta. Mshono wake wa mkono ni imara kuliko wa mashine mbovu, na haudai umeme.

Katika bajeti, tenga angalau sehemu moja kati ya tano ya fedha kwa ajili ya sindano, bobini, mkanda, mafuta na ufundi wa kuiweka sawa, kabla hujaanza kupatana bei ya mashine. Mafundi wa mtaa mmoja wakikubaliana kununua mashine za familia moja, akiba ya sindano na vipuri ya mmoja inakuwa ya wote, na anayejua kurekebisha moja anajua zote. Kiwanda kile cha Morogoro kilipewa mashine bila mazingira ya kuziendesha. Mafundi wa mjini hapa wanaweza kuanzia upande wa pili: wajenge kwanza mtandao wa sindano, vipuri na ujuzi, ndipo waingize chuma.